Simu Iliyokuwa kwa Fundi

Mama alikuta begi la shule la binti yake limejaa vitu visivyo vya shule: magauni mawili, tochi, chupa ya maji, na nusu mkate uliokauka mpaka ukawa tofali.

"Unahamia wapi, mwenzetu?" aliuliza, akidhani ni mchezo.

"Sihami. Vita vikifika nitakuwa tayari."

"Vita gani?"

"Vya kwenye simu ya baba."

Mama alikaa kitandani na begi mapajani. Hakuweza hata kucheka. Mtoto yule hakuwa mwoga. Hata panya alikuwa akiwafukuza mwenyewe kwa fagio. Lakini kila siku mezani baba yake aliiegemeza simu kwenye kopo la sukari, nao wakala chakula huku majengo yakianguka, watu wakikimbia na mtangazaji akipandisha sauti. Mtoto alikuwa akitafuna na kuhesabu nani kapona. Baba naye akimaliza kula alikuwa hajui amekula nini.

Baba huyo alikuwa mwokaji mikate wa nyumba ya kona, na mtaa mzima ulimwita Redio. Jina alilipata kihalali. Hakuna aliyenunua mkate kwenye dirisha lake akaondoka bila habari. Ukichukua mmoja unapewa mafuriko. Ukichukua miwili unaongezewa na mapinduzi. Usiku alilala simu ikiwa chini ya mto, na asubuhi aliishika kabla ya kumshika mtu yeyote wa nyumba ile. Mara mbili mikate iliungua yeye akiwa mbele ya tanuri, macho kwenye kioo, pua haisikii kitu.

Siku ile mke wake aliweka sufuria kubwa juu ya meza ya kukandia unga, akasimama kando yake, mikono kiunoni.

"Kuanzia leo, unga ukishatiwa maji, simu zote humu ndani. Zitatoka tukishakula na vyombo vikishaoshwa."

"Na dunia?" Redio aliuliza.

"Dunia ilikuwepo kabla hujanunua bando."

Mdogo wake mke, msichana waliyemwita Kidoti kwa ajili ya alama iliyokuwa juu ya mdomo wake, alicheka na kuwa wa kwanza kutumbukiza simu yake. Yeye ndiye aliyepeleka mikate kwa wateja kwa baiskeli, na alikuwa akiishi nao tangu alipomaliza shule. Mama akafuata. Redio akaitoa yake taratibu, kama mtu anayeng'olewa jino.

"Na ya duka?" mke aliuliza.

Simu ya duka ndiyo iliyopokea oda. Ilikuwa na namba za wateja wote, na picha ya mikate yao mitatu, imeng'aa, mahali ambapo watu wengine huweka sura zao.

"Ya duka imezima tangu asubuhi," Redio alisema bila kupepesa. "Nimeipeleka kwa fundi."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Redio ilikuwa fupi zaidi: ilianzia mezani ikaishia stoo, nyuma ya magunia ya unga, ambako simu ya duka ilikuwa nzima na chaji imejaa.

---

Basi mwokaji akawa mkaguzi wa unga. Kila donge lilipofunikwa liumuke, alijifuta mikono akasema, "Ngoja nikaangalie magunia, kuna unyevu." Huko alichuchumaa, akavuta habari harakaharaka kama mvuta sigara aliyekatazwa na daktari. Hakuwa na nafasi ya kusoma. Alitazama mstari wa juu, moyo ukamlipuka, akawatumia watu wote, akapita kwa nyingine. Aliona ni wema. Mtu akiona moto, si apige kelele? Kwamba moto wenyewe ni wa wapi na wa lini, hayo alidhani watayapambanua wenye muda.

Alasiri moja alisikia ndara za mke wake uani. Alikuwa amefungua ujumbe mrefu ulioanza kwa maandishi makubwa. Akabonyeza, akatuma kwa namba zote, akaitosa simu kati ya magunia na kutoka akipiga mluzi.

"Unyevu umeisha?" mke aliuliza.

"Unapungua."

Mke alimwona ana unga sikioni. Kwenye kidevu ungesema ni kazi. Sikioni, mtu huwa anaongea na nani? Akaenda kukata donge vipande. Lakini tangu hapo alianza kumchunguza: anapotoka, anaporudi, anavyoitikia. Alimwaza mwanamke. Alimpa sura, akampa na sauti. Wakati mwingine alimchukia mwanamke huyo hata kisu kikaingia kwenye meza.

---

Kesho yake mikate ilirudi.

Kidoti alisukuma baiskeli mpaka uani, kreti bado limejaa. "Kantini ya chuo wamekataa. Yule wa kituo cha mafuta naye kakataa. Mama Kantini hakutaka hata kunitazama. Kasema ataongea na wakubwa."

"Umewafanya nini?" Redio aliuliza.

"Mimi?"

"Mikate ni ile ile, tanuri lile lile. Mpelekaji ndiye wewe."

Jioni hakuna aliyesimama dirishani. Watu walipita wakitazama upande wa pili wa barabara kana kwamba kule kuna harusi. Mwanamke mmoja aliyekuwa mteja wa kila siku alimvuta mtoto wake mkono alipotaka kusimama. Redio aliona, na shingo yake ikawaka moto. Alikuwa amezoea kuwapa watu habari. Hakuwahi kuwa yeye habari.

Alitoka akavuka kwa kinyozi wa jirani, ambaye kwa desturi hakuweza kuficha jambo hata dakika moja.

"Kuna nini, jirani?"

Kinyozi alijifanya anasafisha mashine yake. "Watu wanasema tu."

"Wanasema nini?"

"Kwamba mikate yenu ina dawa. Ya panya. Imeingia kwenye unga." Alishusha sauti. "Mimi siamini, lakini si unajua, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Na wanasema maneno yenyewe yametoka ndani kwenu. Kuna mtu wa humo humo ameshikwa na huruma, akawaonya wateja."

"Ndani kwangu?"

"Ndivyo ninavyosikia. Sijaona kwa macho yangu, mimi simu yangu ni ya kupigia tu."

Redio alirudi nyumbani akihesabu watu wa ndani. Haikuwa hesabu ngumu. Mke hawezi kukata tawi alilokalia. Mtoto hana simu. Yeye mwenyewe hakujihesabu, kwani nani hujihesabu akimtafuta mwizi? Akabaki mmoja.

---

Alimsimamisha Kidoti mbele ya tanuri lililopoa. Mke alikuwa akifunga mikate iliyorudi kwenye nguo, asijue ampe nani. Binti alitumwa uani, akakaa nyuma ya mlango.

"Shemeji, nataka ukweli," Redio alianza. "Wiki iliyopita ulionekana ukitoka kwenye kiwanda cha mikate cha barabara kuu. Ulifuata nini?"

"Hamira. Yetu iliisha, dada akanituma nikaazime."

"Kweli, nilimtuma," mke alisema.

"Sawa. Na juzi? Dada yako aliniambia alikuona ukitoka stoo mbio mbio, umeshika kifua. Ulikuwa unafanya nini stoo?"

Mke aliinua uso. Ni kweli alikuwa ameliona hilo, na ni kweli alilisema, kwa kuwa siku hizi kila aliyeingia stoo alimtia wasiwasi. Sasa alitamani angejikata ulimi.

Kidoti alimtazama shemeji yake moja kwa moja, tena kwa upole.

"Nilisikia kitu kinalia nyuma ya magunia," alisema. "Nikadhani ni panya. Nikamnyamazisha, nikamwacha hapo hapo."

Redio alielewa. Kumbe simu ililia, kumbe msichana huyu ameijua, kumbe wakati huu anamshikia mlango apite akiwa na heshima yake. Mtu mwingine angepita. Redio aliogopa. Aliona kwamba neno moja zaidi kutoka kinywani mwa Kidoti litamvua nguo mbele ya mke wake, na hofu hiyo ikageuka hasira kabla hajaishika.

"Panya!" alifoka. "Sasa nimeamini. Huyu ndiye anayetangaza habari za panya kwenye unga wangu! Kikulacho ki nguoni mwako. Tumemlisha, tumemlaza, kumbe anatuchimbia kaburi."

"Shemeji, mimi sijasema neno kwa mtu yeyote."

"Basi sema hapa ulichokuwa unafanya."

"Nimeshasema."

"Dada yako anakusikia. Mwambie yeye."

Kidoti alimgeukia dada yake. Alingoja. Mke alifunga fundo la nguo, akalifungua, akalifunga tena. Alikuwa akiwaza: kwa nini hasemi? Mtu asiye na kosa si huwa anasema? Kisha likamjia wazo baya zaidi, kwamba stoo ni moja, na wanaoingia mle kwa siri ni wawili, mumewe na mdogo wake. Wazo hilo lilimziba mdomo kabisa.

"Nimeelewa," Kidoti alisema.

Alikusanya nguo zake bila haraka. Binti aliyekuwa nyuma ya mlango alimfuata mpaka barabarani, akampa tochi yake. Kidoti akaikataa, akambusu utosini, akaenda.

---

Kuondoka kwa Kidoti hakukurudisha mteja hata mmoja. Redio alioka mikate michache, wakaila wenyewe asubuhi na jioni, mpaka binti akauliza kama kuna sheria ya kula mkate. Sufuria ilikaa mezani ikipokea simu mbili badala ya tatu. Stoo Redio hakuingia tena. Hata unga alimwomba mke wake auchukue. Na mke, alipoona mumewe ghafla haujali unyevu, alizidi kuwa na hakika kwamba alichokuwa akikifuata kule kimeondoka pamoja na mdogo wake. Walilala wamepeana migongo.

Hatimaye mke alivaa viatu vyake vya kutokea. "Naenda kwa Mama Kantini. Akanieleze uso kwa uso. Na wewe twende."

Walimkuta Mama Kantini akisimamia wasichana wanaopanga vikombe. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamrisha foleni, lakini alipowaona aliingia na kutoka jikoni mara mbili kabla ya kuwakaribisha viti.

"Dada, mimi na wewe tumetoka mbali," mke alisema. "Kama mdogo wangu alikuletea maneno, niambie alisemaje."

"Mdogo wako gani?"

"Huyu anayekuletea mikate."

"Yule mtoto? Hajaniletea maneno yoyote. Siku ile nilishindwa hata kumtazama, nikijua anabeba sumu bila kujua." Mama Kantini alimtazama Redio kwa mshangao wa kweli. "Lakini jamani, si ninyi wenyewe mlionitumia?"

"Sisi?"

"Ninyi, kutoka simu ya duka. Na picha ya mikate yenu hii hapa. Nikasema, hawa watu ni waungwana, wametuonya wenyewe. Nikawaambia na wengine."

Alitoa simu, akaifuta kwa aproni, akawaonyesha. Juu kabisa ilikuwapo mikate mitatu iliyong'aa. Chini yake, kwa maandishi makubwa: TAHADHARI, USILE MKATE HUU, UNGA UMEINGIA DAWA YA PANYA, WATUMIE WOTE UWAPENDAO.

Mke aliichukua simu ile. Hakuirudisha upesi. Aliusogeza ujumbe chini kwa kidole kimoja, akasoma polepole midomo ikichezacheza, mpaka mwisho ambao hakuna aliyewahi kuufikia. Huko chini, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba jambo hilo lilitokea nchi nyingine, zamani, na kiwanda chenyewe kilishafungwa.

"Dada, uliusoma wote?" aliuliza.

Mama Kantini alijikuna shingo. "Nani husoma yote, mwanangu? Niliogopa, nikatuma." Kisha akaongeza kwa aibu, "Mimi naweza kukuelewa. Lakini wanafunzi wale wote wameshaogopa. Nitawaambia nini, eti rudini mle?"

"Simu ya duka ni mbovu," mke alisema. Alikuwa anawaza kwa sauti. "Iko kwa fundi tangu mwezi uliopita." Akasimama. "Ni fundi! Amechezea simu yetu, mshenzi yule! Na mimi mdogo wangu nimemtazama akifukuzwa!"

Redio alisimama pia. Kisingizio alikuwa ameletewa mkononi, kimefungwa vizuri. Alichotakiwa kusema ni "Hata mimi nilimshuku." Hakusema hivyo, lakini hakusema kingine pia. Alimfuata mke wake mlangoni.

---

Fundi simu alikuwa na meza chini ya mwavuli, karibu na duka la dawa. Alikuwa kijana mpole anayesalimia kila mtu mara mbili. Mke alifika kama mvua ya mawe.

"Umetumaliza! Tumekuletea simu utengeneze, wewe unawatumia wateja wetu uchafu! Nani amekulipa? Wale wa barabara kuu?"

Watu wakasimama. Mwenye duka la dawa akatoka na miwani mkononi. Wawili watatu walikwishainua simu zao kurekodi, kwa maana siku hizi aibu ya mtu haipotei bure.

"Simu gani, mama?" Fundi alikuwa ameinuka, bisibisi ingali mkononi. "Mimi simu yenu sijaiona. Shikamoo, mama. Mzee, shikamoo. Mzee, mweleze mama, uliniletea simu lini?"

Akamtazama Redio. Umati nao ukamtazama Redio, na kamera zikamtazama. Kijana alikuwa na sura ya mtu anayejua kwamba baada ya leo hakuna atakayemwachia simu yake. Pembeni ya meza kilikaa kikopo cha chakula alichofungiwa nyumbani. Redio alikitazama kikopo kile. Alimwona Kidoti amesimama mbele ya tanuri, akingoja.

"Haijawahi kuletwa hapa," alisema.

"Unasemaje?" mke aliuliza.

"Simu haijawahi kuletwa hapa. Iko stoo, nyuma ya magunia. Nilikuwa naisomea kule. Ujumbe ule nimeutuma mimi." "Sikuusoma. Kijana huyu hana kosa. Kidoti hana kosa."

Watu wengine walicheka. Mwenye duka la dawa alirudi ndani akitikisa kichwa. Fundi alikaa, akaweka bisibisi mezani.

Mke hakulia wala hakupiga kelele. "Yule panya," alisema taratibu. "Aliyemnyamazisha akamwacha hapo hapo."

"Ndiyo."

"Alikuwa anakufichia. Na wewe ulijua kwamba anajua."

"Nilijua."

Mke alimwomba fundi radhi, kwa mikono miwili, mbele ya waliokuwa wakirekodi. Kisha akamwambia mumewe, "Mchuma janga hula na wa kwao, sawa, nimekula. Lakini kwa mdogo wangu utakwenda peke yako. Mimi nina radhi zangu za kumwomba, na ni kubwa kuliko zako. Wewe ulimsingizia habari. Mimi nilimfikiria kitu ambacho sitakitamka mpaka nife."

---

Kidoti alikuwa amepata kazi kwa dobi, nyuma ya soko. Redio alimkuta amesimama kwenye meza ndefu, pasi mkononi, rundo la mashati meupe kushoto kwake na mengine yaliyokunjwa kulia. Chumba kilikuwa na joto kushinda tanuri. Kidoti alimwona anaingia, akaendelea kunyoosha kola.

"Shemeji," Redio alisema.

"Karibu."

"Nimekuja kukuomba radhi."

Kidoti aligeuza shati, akalipiga maji. "Umekuja kwa sababu umeona hukunitendea haki, au kwa sababu umekamatwa?"

Redio alikuwa na hotuba. Aliipanga njia nzima, ilikuwa nzuri, ilikuwa na shetani ndani yake na hasira za kazi na mapenzi ya ndugu. Aliitafuta, asiione.

"Nimekamatwa," alisema.

Pasi ilisimama.

"Katika miaka yote niliyokaa kwako," Kidoti alisema, "hiyo ndiyo habari ya kweli ya kwanza kuisikia kutoka kwako."

"Utarudi nyumbani?"

"Sijui. Sitakudanganya. Nikikumbuka dada alivyokuwa anafunga lile fundo, nasikia vibaya hapa." Alijigusa chini ya shingo. "Nina mashati ya watu, yanachukuliwa jioni hii. Nikimaliza ndipo nitakuwa na maneno. Kama una haraka, nenda."

"Sina haraka."

"Basi kaa pale."

Palikuwa na kigoda karibu na mlango. Redio alikaa. Mkono wake wa kulia ulikwenda mfukoni wenyewe, ukakuta hamna kitu, ukarudi gotini. Kwa muda hakujua macho ayapeleke wapi. Kisha akayapeleka kwa msichana yule aliyekaa nyumbani kwake miaka yote, akaona kwamba anatumia mkono wa kushoto, na kwamba amekonda. Naye Kidoti akachukua shati lingine.